Mkwaruzo kwenye rangi ya gari: soma dalili kabla hujashika msasa

Kabla hujanunua kompaundi, ile dawa kali ya kusugulia rangi, kuna jambo moja la kuelewa, maana ndilo linaloamua kila hatua inayofuata. Mkwaruzo mwepesi haufutiki wala haujazwi. Unapousugua, unachofanya ni kula rangi nzima iliyo pembeni yake, kidogo kidogo, hadi usawa wake ufike chini ya mkwaruzo. Na kilicholiwa hakirudi. Ukikosea kutambua mkwaruzo umefika tabaka gani, utamaliza klia, lile tabaka la juu kabisa, ukihangaika na kitu kilichohitaji tone la rangi, au utapaka rangi juu ya alama iliyohitaji kitambaa na polishi tu.

Rangi ya kiwandani kwa kawaida ina tabaka nne. Bati hupakwa kwanza praima, yaani rangi ya msingi, ya kuzuia kutu, takribani maikroni 20 (maikroni 1,000 ni milimita moja). Juu yake kuna praima ya kusawazisha, 25 hadi 40. Kisha rangi yenyewe, ambayo ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani: maikroni 10 hadi 20. Juu kabisa ni klia, lile tabaka lisilo na rangi linaloleta mng'aro, maikroni 35 hadi 50. Zote kwa pamoja hazifiki milimita 0.15. Polishi laini huondoa maikroni 1 hadi 3 kwa kazi moja, na msasa wa maji huondoa zaidi. Klia ndiyo inayobeba vizuizi vya mionzi ya jua, kwa hiyo ukiipunguza mno gari litang'aa siku ya kazi, kisha baada ya misimu kadhaa ya jua sehemu ile ile itapauka na kuanza kubanduka maganda.

Magari mengi ya zamani, na baadhi ya magari meupe ya kazi, yana rangi ya tabaka moja isiyo na klia. Chukua kitambaa cheupe chenye kompaundi kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Kikitoka na rangi ya gari, hakuna klia hapo. Kusugua bado kunawezekana, ila unachokula ni rangi yenyewe.

Vipimo vya kuanzia

Osha eneo zima kwa sabuni ya gari, suuza, kausha. Vumbi likibaki, kila kipimo kitakudanganya na kila msuguo utaongeza mikwaruzo mipya. Fanya kazi kivulini, bati likiwa limepoa.

Lowesha mkwaruzo kwa maji. Ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, uko ndani ya klia. Maji yanaujaza kwa muda na mwanga hautawanyiki tena. Hapo ndipo penye siri ya mafuta ya kupikia na dawa za kulainisha vyuma zinazosifiwa kwamba "zinaondoa" mikwaruzo: zinafanya kazi ile ile ya maji, ila zinachukua siku kadhaa kuoshwa, na zinaacha mafuta yatakayoharibu rangi ukija kupuliza. Dawa ya meno nayo ina chembe za kusugua, lakini hujui ukali wake, na haikutengenezwa kwa klia. Iache bafuni.

Pitisha ukucha kwa kuukatisha mkwaruzo, bila kukandamiza. Ukiteleza bila kushtuka, kuna uwezekano mkubwa kwamba kusugua kutatosha. Ukinasa, usitegemee kuumaliza wote kwa kusugua.

Mwisho, angalia rangi iliyo ndani ya mkwaruzo kwa tochi ya simu ukiilaza ubavuni mwa bodi. Weupe wa ukungu ni klia iliyochanika. Kijivu kikavu, au rangi yoyote isiyofanana na gari, ni praima. Mng'aro wa chuma au ukahawia ni bati. Kwenye bampa, weusi mkavu mara nyingi ni plastiki yenyewe. Weka pia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiponata kwenye boneti, huenda ni aluminiamu, ambayo haitoi kutu nyekundu bali unga mweupe unaonyanyua rangi kwa chini.

Gari lenye rangi isiyong'aa, ile inayoitwa mati, lisisuguliwe kamwe: utaacha doa linalong'aa na hakuna njia ya kulirudisha. Gari lililovalishwa filamu ya kulinda rangi, jaribu kwanza kulimwagia maji ya moto yasiyochemka. Baadhi ya filamu hujifunga zenyewe zikipata joto.

Dalili: alama ya rangi nyingine imenata juu ya rangi ya gari

Hii ndiyo inayotisha zaidi na ndiyo nyepesi kuliko zote. Ulipita karibu na nguzo au gari lingine, ukaacha mstari mpana mweupe au wa manjano. Mara nyingi hiyo ni rangi ya kile kitu ulichokigusa, imelala juu ya klia yako.

Anza na kitambaa cha maikrofaiba chenye spiriti ya madini, kiyeyushi laini cha rangi, na sehemu kubwa ya alama hutoka yenyewe. Kilichobaki, sugua kwa kompaundi ya kati na pedi ya mkono, mara kumi hivi kwa nguvu ya wastani, kisha futa uangalie. Usitumie thina kali wala kiondoa rangi ya kucha. Asetoni iliyomo huyeyusha rangi iliyopigwa upya kwenye gereji na hushambulia plastiki ya bampa na taa. Alama ikishatoka ndipo utaona mkwaruzo halisi uliokuwa chini yake. Pengine haupo.

Dalili: michirizi myembamba ya duara inayoonekana juani tu

Chanzo ni uoshaji: kitambaa kilichodondoka chini kikarudi kazini, ndoo moja ya maji machafu, brashi za mashine, au kufuta vumbi likiwa kavu. Kipimo cha maji na cha ukucha vyote vitasema klia, na polishi laini yenye pedi ya sponji itamaliza kazi.

Gawa eneo kwa vipande vya sentimita 40 kwa 40. Weka matone matatu au manne ya polishi, yasambaze, kisha sugua kwa mistari inayopishana wima na mlalo hadi polishi ibaki utando mwembamba unaopenyesha mwanga. Futa. Kwa mkono inachosha, lakini ni salama. Mashine ya kuzunguka yenye mtikisiko ni salama kwa anayeanza. Ile inayozunguka mhimili mmoja hupandisha joto haraka, na mwenye mkono mgeni huunguza klia nayo.

Ukishindwa kubadili namna ya kuosha, michirizi hii itarudi, na kila ukirudia kupiga polishi unatumia klia. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu, huokoa rangi kuliko chupa yoyote ya polishi.

Dalili: mkwaruzo mmoja unaoonekana wazi, ukucha unagusa kidogo tu

Jaribu kompaundi kabla ya msasa, mara mbili au tatu. Ukipungua kiasi kwamba unaonekana ukiutafuta tu, simama hapo. Mkwaruzo uliolainishwa kingo zake hautawanyi mwanga tena, jicho linaupita, na klia yako bado ipo.

Ukilazimika kutumia msasa, tumia msasa wa maji namba 2000 au 2500, usiokuwa mkali zaidi ya hapo. Uloweke kwenye maji yenye tone la sabuni kwa dakika 10. Uzungushie kibao kidogo cha sponji ngumu, kwa sababu kidole kitupu huchimba mtaro. Bandika tepu ya karatasi kwenye kona, mistari ya bodi na kingo za mlango zilizo karibu. Sugua kwa mwendo mfupi, ukisuuza kila mara, kwa mipito mitano hadi kumi tu, kisha kausha uangalie. Sehemu iliyoguswa itakuwa na ukungu sawia, na mkwaruzo utaonekana kama mstari unaong'aa katikati yake. Mstari huo ukikaribia kupotea, acha. Pitisha namba 3000 kwa mwelekeo unaokatisha ule wa kwanza mpaka alama za 2000 zifutike, halafu kompaundi, halafu polishi.

Angalia maji yanayotoka. Kwenye gari lenye klia huwa meupe kama maziwa. Yakianza kubeba rangi ya gari, umeshatoboa. Simama papo hapo.

Kusugua kumezaa tatizo jipya

Ukungu umebaki baada ya kompaundi. Kompaundi ni kali, na ukungu huo ni mikwaruzo yake midogo. Badilisha pedi iwe laini, tumia polishi ya kumalizia. Rangi nyeusi karibu kila mara inahitaji hatua hii ya pili. Nyeupe na fedha huvumilia bila.

Michirizi inayotembea ukisogeza taa. Hii ni kazi ya mashine ya mhimili mmoja iliyoinamishwa upande, au pedi iliyojaa kompaundi kavu. Osha pedi au ibadilishe, rudia kwa polishi laini na mashine ya mtikisiko au mkono.

Vikia vidogo vya kujipinda, kimoja kimoja, vyenye kina. Chembe ya mchanga au ya klia iliyokauka ilinaswa chini ya msasa. Ongeza maji, tupa kipande hicho, rudia sehemu hiyo kwa 3000. Vikikataa, rudi 2500 kwa mipito michache kisha upande tena.

Weupe umeng'ang'ania ndani ya mkwaruzo. Ni kompaundi iliyokauka humo. Utoe kwa mswaki laini na maji yenye sabuni kabla hujahukumu kazi yako.

Mkwaruzo ulipotea, umerudi baada ya kuosha mara mbili tatu. Haukupotea. Polishi nyingi zina mafuta na vijazio vinavyoficha. Dawa yake ni kufuta eneo kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji kila unapotaka kuona ukweli, na kupaka nta baada tu ya kuridhika na unachokiona bila mafuta.

Kona au mstari wa bodi umepauka, umeonyesha rangi tofauti au praima. Rangi kwenye kingo ni nyembamba kuliko kwenye uso tambarare, na shinikizo lote la pedi hukusanyika hapo. Hakuna polishi ya kurudisha klia. Alama ndogo unaweza kuifunika kwa rangi na klia ya brashi. Ikizidi upana wa kidole, paneli inahitaji kupulizwa.

Dalili: ukucha unanasa, kijivu cha praima kinaonekana

Sasa ni kazi ya kujaza, na hapa subira ndiyo inayotenganisha kazi safi na doa linaloonekana toka mbali.

Tafuta namba ya rangi kwenye gari lenyewe, usinunue kwa macho. Iko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, au kwenye kibati kilicho chini ya boneti, na kwa baadhi ya magari ndani ya buti karibu na tairi la akiba. Kwenye Toyota, kwa mfano, tafuta maandishi C/TR: herufi au tarakimu zilizo kabla ya mkwaju ni za rangi, zinazofuata ni za mapambo ya ndani. 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 1F7 ni fedha. 070 ni nyeupe ya lulu, na hiyo ina tabaka la ziada: msingi mweupe kwanza, kisha koti la lulu, ndipo klia. Ukiinunua kama kichupa kimoja cha nyeupe, haitafanana kamwe.

Safisha ndani ya mkwaruzo kwa kiondoa nta na mafuta, kisha isopropili. Kingo zilizonyanyuka zikate kwa kipande kidogo cha msasa 1000 kilichokunjwa, ukisugua ndani ya mkwaruzo peke yake. Iache ikauke kabisa. Chini kukiwa na chuma, praima ni lazima. Ikiwa praima ya kiwandani haijatoboka, unaweza kuanza na rangi moja kwa moja.

Tikisa kichupa dakika mbili kamili. Weka kando ile brashi iliyokuja kwenye kifuniko, ni nene mno. Tumia brashi nyembamba kabisa ya kuchorea au ncha ya kijiti cha meno. Chukua tone dogo, liguse mwanzoni mwa mkwaruzo, uliache litembee lenyewe ndani ya mfereji. Usipake kwa kuvuta huku na huku. Koti ni jembamba, subiri dakika 30, rudia. Rangi hunywea kadiri kiyeyushi kinavyopaa, kwa hiyo kilichoonekana kimejaa leo asubuhi kitakuwa shimo jioni. Makoti matatu hadi matano ni kawaida. Rangi ifike chini kidogo ya usawa wa klia iliyo pembeni, kisha malizia kwa klia hadi ipite usawa kwa unene wa kuhisi tu.

Matatizo yake:

Nundu ndefu iliyosimama juu ya bodi. Ulipaka nyingi kwa mara moja. Ikiwa bado mbichi, ifute yote kwa kitambaa chenye spiriti ya madini na uanze tena. Hilo ni jepesi kuliko kuitengeneza. Ikishakauka, iache siku saba, kisha isawazishe kwa msasa 2000 uliobandikwa kwenye kibao chembamba cha upana wa kidole, ukigusa nundu peke yake. 3000, kompaundi, polishi.

Rangi imevutika na msasa ikatoka kama utando wa mpira. Haijakomaa. Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Ipe siku tatu nyingine.

Rangi ni nyeusi zaidi au imepauka kuliko gari. Angalia vitu vinne kwa mpangilio huu: ulitikisa ya kutosha? Umeshaweka klia? Maana rangi isiyo na klia hudanganya. Gari limepauka kwa jua kiasi gani? Piga polishi pembeni uone rangi yake halisi. Na je, ni rangi ya metaliki? Vipande vya aluminiamu ndani ya rangi ya metaliki hulala kimpangilio rangi inapopulizwa, ila vikipakwa kwa brashi husimama hovyo, na mstari huonekana mweusi ukiwa upande mmoja na mweupe ukiwa upande mwingine. Hilo haliondoki lote. Unachoweza ni kupaka makoti membamba sana na mkwaruzo kuwa mwembamba usionekane kwa hatua mbili tatu. Anayetaka ukamilifu kwenye fedha, apulize paneli nzima.

Rangi imechomoka yote kama uzi siku ya kuosha. Chini kulikuwa na nta, silikoni au maji. Rudia usafi tangu mwanzo.

Dalili: chuma kinaonekana, au kutu imeanza

Hili halisubiri mwisho wa mwezi. Chuma kilicho wazi kwenye unyevu huanza kutu ndani ya siku chache, na karibu na bahari mapema zaidi. Kama huna nafasi leo, kausha na uzibe kwa tone la praima au rangi yoyote ya kuzuia hewa.

Kutu ya juu juu ikwangue kwa kalamu ya nyuzi za kioo au msasa 240 uliokunjwa, hadi chuma king'ae bila nukta nyeusi hata moja. Zile nukta ni kutu iliyochimba, na ndizo zinazorudisha mapovu miezi michache baadaye. Zikikataa, tumia kigeuza kutu chenye asidi ya fosforiki au ya taniki, ukifuata muda ulioandikwa kwenye chupa, kwa sababu kila aina ina muda wake na nyingine huhitaji kusuuzwa. Halafu praima inayoshika chuma, rangi, klia.

Rangi ikiwa imevimba pembeni ya mkwaruzo, kutu imeshatembea chini. Ikwangue kwa msasa 80 mpaka ufike penye rangi iliyoshika imara pande zote, ingawa eneo litakuwa mara tatu ya ulilokusudia. Wanaokatiza hapa ndio wanaorudia kazi hiyo hiyo mwaka unaofuata.

Bonde linalobaki hujazwa kwa fila ya poliesta, usizidishe milimita 2 au 3. Hadena, ile dawa ya kuigandisha, iwe takribani asilimia 2 kwa uzito: kwa gramu 100 za fila, gramu 2. Kwenye nyuzi 20 una dakika nne hadi sita za kupaka, na kwenye joto kali ni chache zaidi, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Ukizidisha hadena ili ikauke upesi, peroksidi yake itapanda na kuacha madoa ya njano kwenye rangi. Ukipunguza, fila itabaki laini na msasa utajaa. Isugue kwa 80, kisha 180, kisha 320, ikiwa kavu. Fila hunywa maji, na maji yaliyonaswa chini ya rangi ni kutu ya kesho.

Ukipuliza kwa kopo: kasoro na vyanzo vyake

Maandalizi ni haya: praima isuguliwe kwa msasa wa maji 600 hadi 800, rangi ya zamani itakayopokea klia ipaushwe kwa 1000 au sponji laini ya kukwangulia, kila kitu kifutwe mafuta, joto liwe kati ya nyuzi 15 na 25, hewa isiwe na unyevu mwingi wala upepo. Tikisa kopo dakika mbili baada ya kusikia gololi ya ndani ikigonga. Sentimita 20 hadi 25 toka kwenye bodi, mkono ukianza kutembea kabla ya kubonyeza na kuachia baada ya kupita ukingo. Koti la kwanza liwe jepesi kiasi cha kuona chini. Dakika 10 kati ya makoti.

Vishimo vya duara vinavyofunguka rangi ikiwa bado mbichi, mafundi huviita macho ya samaki: silikoni. Hutoka kwenye nta, dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi, hata iliyopulizwa mbali ndani ya chumba hicho hicho. Koti jingine zito halivizibi. Acha ikauke, sugua, futa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kimoja cha kukaushia kabla kiondoa mafuta hakijapaa. Na futa mafuta kabla ya msasa pia, la sivyo msasa utayasukuma ndani.

Rangi imechuruzika: ulikaribia mno au ulisita. Usiiguse ikiwa mbichi. Ikomae, kata mchirizi kwa msasa 1000 kwenye kibao, endelea na 2000.

Uso umekuwa kama ganda la chungwa: mbali mno, kopo baridi, au bati la moto lililokausha matone kabla hayajatandaa. Kopo liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, si ya moto na si kwenye moto kabisa. Klia iliyokomaa isawazishwe kwa 2000 na 3000.

Uso mkavu wenye chembe kama vumbi: umepuliza kwa mbali au upepo umepita. Sugua kidogo, piga koti lenye unyevu zaidi.

Klia imegeuka maziwa: unyevu wa hewa umenaswa ndani. Subiri siku kavu, puliza koti jepesi sana la klia hiyo hiyo, na mara nyingi kiyeyushi chake kitaufungulia unyevu utoke.

Rangi imejikunja kama ngozi mara tu ulipoongeza koti: kiyeyushi kipya kimeshambulia rangi ya chini ambayo haijakomaa au ni ya aina nyingine. Soma kwenye kopo muda wa kurudia koti. Makopo mengi husema ndani ya saa moja au baada ya saa 24 au zaidi, na katikati ya hapo ndipo hatari. Iliyojikunja haisameheki, ikwangue yote.

Vitundu vidogo kama vinyweleo: makoti mazito yaliyofuatana haraka, kiyeyushi kikapasua juu kutafuta njia. Sugua hadi viishe, puliza upya kwa makoti membamba.

Mistari ya msasa imejitokeza siku chache baadaye: uliruka kutoka 180 moja kwa moja hadi rangi. Rudi praima, 400, kisha 600 hadi 800.

Duara linaonekana pale rangi mpya inapokutana na ya zamani: ulikata kwa tepu ngumu. Kunja tepu nyuma ili rangi iishe kwa ukungu, na klia ipeleke hadi mwisho wa paneli, kwenye mstari wa bodi au mpenyo wa mlango, ambako jicho halitafuti.

Bampa linabanduka maganda: plastiki haikupewa dawa ya kushikisha rangi. Plastiki iliyo wazi huoshwa, hupaushwa kwa sponji ya kukwangulia, hupulizwa dawa hiyo makoti mawili mepesi, ndipo praima laini inayokubali kupinda.

Dalili: klia mpya inalainika au inapata madoa karibu na mdomo wa tangi

Klia ya kopo la kawaida hukauka kwa kiyeyushi kupaa tu, na petroli ikimwagika huilainisha tena. Kwa sehemu hiyo, na kwa boneti linalopigwa na jua na kinyesi cha ndege, klia yenye hadena hudumu zaidi. Ipo ya kopo lenye kitufe chini. Ukikibonyeza, mchanganyiko hudumu saa 24 hadi 48 kutegemea aina, kisha kopo hugeuka jiwe, kwa hiyo andaa kila kitu kwanza. Ina isosayaneti, kemikali ambayo huweza kusababisha pumu ya kudumu hata kwa mtu mzima wa afya. Barakoa ya vumbi na ile ya kitambaa hazikukingi nayo. Kinachopendekezwa ni kifaa cha kupumulia kinacholetewa hewa safi toka nje, pamoja na glavu na miwani iliyofunika macho. Asiye nacho na atumie klia ya kawaida, ajiepushe kumwaga mafuta, na akimwaga afute papo hapo kwa kitambaa chenye maji, bila kusugua. Kusugua kwa mashine kusubiri siku saba, na nta isipakwe kabla ya siku 30, maana huziba kiyeyushi kilichobaki kisitoke.